Mgeni Akishuka Rangi Tatu

Hotuba kwa wenyeviti na watendaji wa mitaa, Temeke, Dar es Salaam

Ndugu wenyeviti wa serikali za mitaa, ndugu watendaji, wajumbe, na nyinyi mama zangu wa vikoba mliojibanza kule nyuma kana kwamba mkutano hauwahusu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Salamu za siasa naziacha, kila chama kina yake na mimi nimeshastaafu.

Barua ya mwaliko inanitaka nizungumzie "wimbi la vijana kukimbilia mjini na namna ya kulidhibiti." Habari ya vijana nitaizungumza. Hiyo ya kudhibiti sina, na nitawaeleza kwa nini hata waliokuwa na askari, mahakama na mabehewa ya treni hawakuiweza. Nikishamaliza hapo nitawageukia nyinyi. Tumehangaika miaka mingi na swali la nani aruhusiwe kuja mjini, tukalisahau la nani anampokea akishafika.

Waingereza walitaka mikono ya watu. Bandarini walitaka wapakuzi, Tanga walitaka wakata mkonge. Wakatoza kodi inayolipwa kwa fedha, ili mtu wa Songea au wa Kasulu asiye na zao la kuuza aondoke kwao aende akatafute hiyo fedha. Ndio manamba waliosimuliwa na babu zetu. Lakini mwenye mikono hiyo hawakutaka abaki mjini kazi ikiisha. Hapa Dar es Salaam, miaka ya 1940 na 1950, mtu asiye na kazi ya kuonyesha alikamatwa, akaitwa mhuni, akarudishwa kwao kwa gharama ya serikali. Wengi walikuwa wamesharudi mjini kabla karani hajafunga faili.

Uhuru ukaja, na jambo hili, naomba tusionee haya kulisema, tukaliendeleza wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasio na kazi walipelekwa Gezaulole, hapo ng'ambo ya Kigamboni, wakalime. Mwaka 1976 ikaja operesheni nyingine. Mwaka 1983, Waziri Mkuu akiwa Sokoine, ikapitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikuwa akiliona gari la mgambo anapotea kwenye vichochoro vya Manzese kama maji ya mvua. Walikamatwa wauza karanga, wakakamatwa mafundi viatu, wakakamatwa na watu waliotumwa dukani na wake zao.

Sasa tuangalie hesabu. Sensa ya 1978 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 843,090. Sensa ya 1988, baada ya muongo ule ule wa kukamatana, ikaukuta umevuka milioni 1.3. Sensa ya 2022 imetukuta tuko 5,383,728, na katika hao wilaya yenu ya Temeke peke yake ina 1,346,674. Yaani nyinyi mlioko humu ndani leo, kila mmoja na muhuri wake, mnaongoza watu karibu sawa na mkoa mzima wa mwaka 1988.

Nisiwe mwongo: si wote hao wameshuka kwenye basi. Wengi wamezaliwa hapa hapa, hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, na mama zao wengi ndio walioshuka kwenye basi. Lakini kama kukamata watu kungekuwa dawa, tungekuwa tumepona zamani.

Kwa nini wanakuja? Nitasemea kwetu Kusini, maana mimi ni mtu wa Nachingwea, na nyinyi wa Mbagala nusu ya mitaa yenu ni watu wa Lindi na Mtwara. Nasikia watu wakisema kijana kaja mjini kwa sababu ya taa, muziki na uvivu wa jembe. Anayesema hivyo mara nyingi hajawahi kushika jembe lenyewe.

Mwaka 2017 wakulima wetu walikuwa na mbaazi. Mbaazi zilikuwa zimepata bei nzuri, watu wakapanua mashamba, wengine wakakopa. Mnunuzi mkubwa alikuwa India. Mwezi wa nane mwaka ule serikali ya India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini kwao, kwa sababu wakulima wao wenyewe walikuwa wamevuna nyingi. Huku kilo iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi elfu moja ikaporomoka hadi shilingi mia chache. Mwaka uliofuata ikawa korosho: wafanyabiashara wakaja na bei ndogo, serikali ikakataa, ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuzikusanya. Bei ilikuwa nzuri. Lakini mkulima anataka pesa mkononi kabla ya shule kufunguliwa, na wako waliosubiri malipo mwezi hadi mwezi. Sasa mwambie kijana wa miaka ishirini, ambaye ameona baba yake akilima vizuri, akipalilia vizuri, akavuna vizuri, halafu akabaki na magunia ndani, kwamba tatizo lake ni uvivu.

Ndiyo maana huwa nasema kijana anayetembeza mikanda ya suruali pale Kariakoo hakukimbia kilimo. Amekimbia bei. Na bei hiyo haipangwi Nachingwea.

Halafu kuna barabara. Zamani Rufiji ilitutenga na nyinyi. Ulivuka kwa kivuko, na mvua zikikolea mnakaa ng'ambo mkitazama maji, gari zimepanga foleni, mama ntilie wanapandisha bei ya uji. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ikaendelea kusogea kidogo kidogo, safari iliyokuwa ya siku kadhaa ikawa ya kutwa. Sisi tulililia daraja hilo, na tulilipigia vigelegele. Tulidhani litapeleka maendeleo Kusini. Limepeleka, sikatai: simenti imeshuka bei, mgonjwa anafika Muhimbili. Ila barabara haina mlango wa upande mmoja. Wazee wa kwetu wanalijua hilo tangu Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakajenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Karanga hazikubaki, reli haikubaki. Kilichobaki ni watu waliokwisha kuzoea mshahara wa mwisho wa mwezi, na mshahara ukishaondoka kijijini huwa unafuatwa ulikohamia.

Jambo jingine ambalo sensa imelisema na sisi hatujalisikia: katika hao milioni tano na ushee wa mkoa huu, wanawake ni 2,783,710 na wanaume ni 2,600,018. Mkisema "vijana wanaokuja mjini" mnamwona mtoto wa kiume mwenye begi mgongoni. Wakati wa mkoloni ilikuwa kweli, mji ulikuwa wa wanaume. Sasa wa kike ni wengi zaidi, na wao hamuwaoni kwa sababu hawasimami barabarani. Wako ndani ya nyumba zenu, wanawafulia.

Nitarudi huko. Kwanza niwapeleke kituo cha basi cha Rangi Tatu, Mbagala, saa moja ya usiku, basi la Kusini limeingia.

Anashuka. Ana begi, ana kiroba cha unga wa muhogo alichofungiwa na mama yake, na ana namba moja ya simu. Namba hiyo ndiyo serikali yake. Ni ya binamu, au ya mtoto wa shangazi, au ya mtu waliyesoma naye darasa la saba. Huyo binamu amepanga chumba kimoja Charambe au Kijichi, tayari wamo watatu, na usiku ule wanalala mzungu wa nne. Hakuna anayemuuliza atakaa mpaka lini. Kesho yake anapelekwa Kariakoo. Binamu ana duka analochukulia mzigo, anamwambia mwenye duka, "Huyu mdogo wangu," na kwa maneno hayo tu mgeni anapewa dazeni ya soksi kwa mali kauli: chukua, uza, jioni lete changu. Hana dhamana, hana karatasi, hana hata shati la kubadilisha. Anadhaminiwa na uso wa binamu yake.

Kazi hiyo haijawahi kufanywa na benki yoyote katika nchi hii, wala na halmashauri. Mnajua ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu? Ilisimamishwa mwaka 2023, imerudi, na ni jambo jema. Lakini inataka kikundi, katiba ya kikundi, usajili, akaunti, na barua ya mtaa. Yule wa soksi, mpaka akamilishe hayo, ameshakuwa mwenyeji na ameshakopa kwa wale wa kausha damu, wenye riba ya kunyonya.

Akipata visenti anataka chumba chake. Hapo anakutana na dalali, anayetaka kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha mlango, na mwenye nyumba, anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anayelipwa kwa siku anatakiwa kulipa kwa nusu mwaka. Nani kati yetu humu ndani aliwahi kuhoji utaratibu huo? Wengi wetu ni wenye nyumba, ndiyo maana. Sisemi mwenye nyumba ni mwizi. Naye ana mkopo, na mpangaji akimkimbia usiku na bili ya maji hana pa kumpata. Lakini yako maeneo mwenye nyumba na mpangaji wamekubaliana mwezi kwa mwezi mbele ya mjumbe, na dunia haikupasuka.

Wengine wanaingia kwenye bodaboda. Wengi wao pikipiki si yake. Analeta hesabu kwa bosi kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, au yuko kwenye mkataba, akitarajia kwamba akilipa mpaka mwisho chombo kitakuwa chake. Mkataba wenyewe uko wapi? Mara nyingi uko mdomoni. Siku pikipiki ikiibiwa, au amebakiza wiki chache amalize na bosi akabadilisha maneno, kesi inakuja ofisini kwenu, na nyinyi mnaamua kwa kuangalia sura.

Sasa ndugu wenyeviti, tumefika kwenu.

Mgeni huyu, awe wa soksi, wa saidia fundi, wa bodaboda au wa jikoni kwa mtu, ofisi ya kwanza ya serikali atakayoingia mjini si wizara wala si ya mkuu wa wilaya. Ni ya kwako: kile chumba chenye bendera, benchi moja na picha ya Rais. Anafuata barua ya utambulisho. Bila barua yako kitambulisho cha taifa kinamletea shida, akaunti inamletea shida, ndugu yake akikamatwa hawezi kumdhamini. Na wewe unamuuliza, "Unakaa kwa nani? Mjumbe wako anakujua?" Mjumbe hamjui, kwa sababu mwenye nyumba hakumpeleka. Anaambiwa arudi kesho. Au anaambiwa kuna hela ya karatasi. Mnacheka, kwa hiyo mnaijua.

Hela ya karatasi hiyo ina hasara kuliko mnavyofikiri. Mtu akishajua kuingia ofisini kuna bei, haingii mpaka apate msiba au kesi. Kwa hiyo daftari lako la wakazi lina majina ya waliokufa na waliohama, na halina majina ya wanaoishi. Halafu kikija kipindupindu, kikija chakula cha msaada wa mafuriko, ukija mpango wa barabara unaohitaji fidia, mnaanza kuulizana nani mkazi. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilipofurika, watu wakapelekwa Mabwepande kugawiwa viwanja, ugomvi mkubwa ulikuwa huo huo: mwenye nyumba anajulikana, mpangaji je? Katika nyumba za kwetu, zile za korido katikati na vyumba huku na huku, mwenye nyumba ni familia moja na wapangaji ni familia sita.

Na ni nani aliyewauzia viwanja vya bondeni? Si sheria. Hati ya mauziano iliandikwa kwenye karatasi ya mistari, mashahidi wakasaini, ikapigwa muhuri wa mtaa, na katika mitaa mingi ikakatwa asilimia kumi. Nauliza kwa heshima: hiyo asilimia kumi ya mauzo ya kiwanja, ambayo kila mtu Dar es Salaam anaijua, inaingia kwenye kitabu gani? Mgeni aliyetoka Ruangwa na hela ya korosho ya misimu mitatu hajui ramani ya mipango miji. Anachokijua ni muhuri. Akiuona muhuri anaamini serikali imemwambia ajenge hapo. Miaka minane baadaye serikali ile ile inakuja na alama ya X nyekundu.

Sasa wale wa jikoni. Kuna mitaa humu kila nyumba ya pili ina dada. Wengine wametoka Iringa, Singida, Dodoma, wengine kwetu. Wameletwa na mtu anayesema ni shangazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 hatakiwi kupewa kazi ya kumuumiza au ya kumnyima shule. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Ilikuwa ndogo, tukubaliane, mara moja na nusu tu ya ile elfu arobaini ya mwaka 2013. Na bado yako majumba hawakuilipa. Wanasema "namtunzia," na siku ya kuondoka anapewa nauli na kitenge.

Chama kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani kipo, CHODAWU, kinajitahidi, lakini hakiwezi kupita mlango kwa mlango. Wewe mwenyekiti unapita, kwa sababu wakati wa kampeni tuliwaona mkipita mlango kwa mlango. Ninachoomba ni kitu kidogo: unapoandika mkazi mpya, dada naye aandikwe jina lake, umri wake, kwao wapi, na namba ya simu ya mzazi wake mwenyewe. Si ya shangazi. Katika kazi yangu ya maendeleo ya jamii nimeona watoto waliofukuzwa usiku ambao hakuna mtu mtaani aliyekuwa na jina lao la pili.

Kuhusu wamachinga nitapita haraka, maana mambo yake mengi yako juu ya uwezo wenu. Mwishoni mwa 2018 walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wasibughudhiwe. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani. Kijana yule yule, kitambulisho kile kile mfukoni. Msishangae akiwaambia hana imani na karatasi za serikali.

Na hela wanazotuma kijijini, jamani. Kila mmoja wetu ameshapokea ujumbe unaosema "tuma na ya kutolea." Huyo wa soksi, kabla hajanunua godoro, ameshatuma ya mbolea, ameshatuma ya sare za mdogo wake, ameshachangia msiba. Julai 2021 zilipokuja tozo za miamala ya simu, kelele zilizopigwa zikafanya zipunguzwe hazikuwa za matajiri. Zilitoka huku Mbagala na kule Nachingwea, kwa sababu tozo ile ilikuwa inakata kwenye mfuko mmoja unaoliwa na nyumba mbili. Anayesema hawa wameitelekeza mikoa yao aende Nachingwea akahesabu mabati mapya, aulize kila bati limetoka wapi.

Kwa hiyo nikiombwa ushauri wa namna ya kulidhibiti wimbi, wa kwangu hautawafurahisha walioandika barua. Achaneni nalo. Anayetaka kijana abaki Nachingwea akashughulike na bei ya mbaazi na malipo ya korosho. Huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Huku kwenu shughulikeni na wiki zake za kwanza. Barua ya utambulisho iwe bure, na iandikwe ukutani kwamba ni bure, kwa herufi kubwa, karibu na picha ya Rais. Mpangaji aandikwe kwenye daftari sawa na mwenye nyumba. Mkataba wa bodaboda uletwe ofisini uandikwe nakala mbili, muhuri wenu ufanye kazi ya maana. Kiwanja cha bondeni kikiletwa kuuzwa, mwenyekiti akatae kushika kalamu, hata kama asilimia kumi yake ni kubwa, na hasa ikiwa kubwa.

Najua mtasema wenyeviti hamna mshahara, mna posho, na posho yenyewe inachelewa. Ni kweli, na hilo mlidai kwa halmashauri kwa sauti, msilidai kwa mgeni. Mtasema pia mkimrahisishia atawaita wenzake. Atawaita, tena ameshawaita. Wengine wako njiani sasa hivi wanapita Somanga. Watashuka Rangi Tatu jioni, mkiwa mmewapangia utaratibu au hamjawapangia.

Nimeonyeshwa saa, naona. Muda wa maswali upo, na yule mwenyekiti wa safu ya pili mwenye shati la bluu ananyoosha mkono tangu nilipotaja viwanja. Mpeni kipaza sauti.